Kurejesha Mita ya Upepo: Historia ya Kifaa cha Vituo vya Mafuta vya Marekani na Funzo Lake kwa Istilahi za Uhifadhi Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya mita ya upepo, yaani mashine iliyotumika katika vituo vya mafuta vya Marekani kujazia matairi kwa kipimo kilichopangwa, pamoja na namna mashine hizo zinavyorejeshwa leo na wakusanyaji wa vitu vya zamani. Hoja kuu ni kwamba urejeshaji mwingi hurudisha sura ya mita na kuacha kipimo chake. Kosa hilo si la ufundi peke yake. Ni la lugha pia, kwa sababu anayetumia neno moja kwa kazi tano tofauti hawezi kueleza ni kazi ipi aliyoifanya. Makala inaonyesha kuwa Kiswahili cha sera kinakabiliwa na hatari hiyohiyo, kwa kuwa neno ukarabati limebebeshwa maana nyingi kupita kiasi. Mwishoni inapendekeza istilahi tano zenye mipaka ya wazi, na kushauri kwamba msamiati wa mafundi wa matairi wa Afrika Mashariki ukusanywe mapema, kabla vifaa vyao havijawa mapambo ya ukutani.

Maneno muhimu: mita ya upepo, urejeshaji, ukarabati, urithi wa viwanda, istilahi

1.0 Utangulizi

Dereva anayesimama kando ya barabara ya Afrika Mashariki ili tairi lake lijazwe huulizwa swali fupi: "Tuweke ngapi?" Naye hujibu kwa ufupi uleule: "Thelathini." Hakuna kati yao anayetaja kizio. Wote wawili wanajua kwamba thelathini ni pauni thelathini kwa kila inchi ya mraba, ingawa shuleni na sokoni pauni na inchi zilikwisha kuachia nafasi kilo na mita. Fundi hujaza, huchomoa mpira, hubandika geji kwenye valvu, hutazama, hujaza tena. Dereva aliyebaki ndani ya gari haioni namba hiyo. Anamwamini fundi, au hamwamini, lakini kwa vyovyote vile atalipa na kuondoka.

Mazungumzo haya mafupi yanabeba maswali mawili ambayo makala hii inayashughulikia. La kwanza ni la kihistoria: ni kwa njia gani kipimo cha upepo wa tairi kilipata kuaminiwa na mtu asiyekiona? La pili ni la kiisimu na la kisera: kifaa kilichojenga imani hiyo kinapozeeka, kisha mtu akakirejesha, anakuwa amerejesha nini hasa? Mfano uliochaguliwa ni wa Marekani, kwa sababu huko ndiko kifaa chenyewe kilikoenea, kikaachwa, na sasa kinatafutwa kwa bidii na wakusanyaji.

Jina linahitaji maelezo. Neno kipimaupepo tayari ni mali ya wataalamu wa hali ya hewa, ambao hulitumia kwa kifaa cha kupimia kasi ya upepo. Kwa hiyo makala inatumia mita ya upepo, kwa mfano wa mita ya maji na mita ya umeme. Neno upepo limechaguliwa kwa makusudi. Kitabu cha fizikia kitasema hewa, lakini gerejini, hasa nchini Tanzania, tairi hujazwa upepo; nchini Kenya mara nyingi husikika presha. Makala inapofuata lugha ya gereji haifanyi hivyo kwa kukosa istilahi. Lugha hiyo ni sehemu ya ushahidi wake.

2.0 Kutoka kwenye tairi hadi hewa ya bure

Tairi la hewa lilibuniwa mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1845, Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu lenye mfuko wa hewa kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi. Ubunifu huo haukushika na ukasahauliwa. Mara ya pili, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uskoti aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la baiskeli. Hataza hiyo ilibatilishwa baadaye ilipogunduliwa kwamba Thomson alimtangulia, lakini wakati huo biashara ilikwisha kuanza. Mwaka 1891 ndugu wawili wa familia ya Michelin, nchini Ufaransa, walitoa tairi la baiskeli linaloweza kuvuliwa na kubandikwa kiraka kwa urahisi, na mwaka 1895 wakaingiza gari lenye matairi ya hewa katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris. Huko New York, kampuni ya Schrader ilipata hataza ya valvu yake mwaka 1893. Valvu ya namna hiyo ndiyo inayotumika hadi leo katika magari mengi.

Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya wabunifu. Msomaji wa ukanda wetu ana sababu ya kuuliza mpira wenyewe ulitoka wapi. Mahitaji ya mpira yaliyotokana na tairi la hewa katika miaka ya 1890 yalikutana na utawala wa Leopold wa Pili katika Dola Huru ya Kongo, iliyodumu kuanzia 1885 hadi 1908. Huko wanakijiji walilazimishwa kuleta viwango vya mpira wa mwituni, na walioshindwa waliadhibiwa kwa vifungo, mijeledi, kukatwa mikono na kuuawa. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mashamba ya mpira yalienea, hasa katika upande wa Tanga, kisha yakaanguka kibiashara mwaka 1913, bei ilipoporomoka kwa ushindani wa mashamba ya Asia. Lugha yetu imehifadhi sehemu ya historia hiyo katika neno moja: mpira ni mti, ni utomvu wake, ni bomba la kupitishia maji au upepo, ni mfuko wa ndani wa tairi, na ni kitu kinachopigwa na watoto uwanjani.

Tairi la hewa lilikuwa na udhaifu uliolifuata kila mahali: hewa hutoka, hata pasipo tundu. Kwa hiyo aliyenunua tairi alijifunga kwenye kazi ya kulijaza tena na tena. Mwanzoni dereva alibeba pampu ya mkono. Mabadiliko yalikuja pale mafuta yalipohama kutoka kwenye makopo ya madukani hadi kwenye kituo maalumu. Tarehe 1 Desemba 1913 kampuni ya Gulf ilifungua kituo cha mafuta mjini Pittsburgh, katika barabara ya Baum, kilichosanifiwa na msanifu majengo ili magari yaingie na kutoka kwa urahisi. Siku ya kwanza kiliuza galoni 30 tu, yaani takriban lita 114, kwa senti 27 kila galoni. Pamoja na mafuta, kituo hicho kilitoa maji na hewa bila malipo.

Hewa ya bure haikuwa sadaka. Kuisindika kulihitaji kompresa, tangi, mabomba na mtu wa kuhudumia, na gharama zote hizo zililipwa na faida ya mafuta. Lakini kwa dereva neno bure lilikuwa na uzito, na desturi ikajengeka kwamba kituo cha heshima hakimtozi mtu fedha kwa hewa. Ikiwa huduma ni ya bure, swali linalobaki ni la usahihi wake. Tairi lenye upepo mdogo huchakaa kingo zake na kupata joto; lenye upepo mwingi huchakaa katikati na kushika barabara kwa eneo dogo. Huduma ya bure iliyotolewa kwa kipimo kibaya ilimgharimu mteja tairi zima.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliifanya hesabu hiyo kuwa suala la taifa. Japani ilipoteka Malaya na visiwa vilivyotawaliwa na Waholanzi mwanzoni mwa 1942, Marekani ilipoteza takriban asilimia 90 ya mpira wake wa asili. Mgawo wa petroli uliotangazwa nchi nzima mwishoni mwa mwaka huo ulilenga zaidi kuokoa matairi kuliko kuokoa petroli, na mwendo wa magari ukawekewa kikomo cha maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56. Wakati huohuo, Tanganyika, mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu enzi ya Wajerumani yalifunguliwa tena. Kizibo cha valvu kwenye kituo cha mafuta cha Marekani na mti uliochanjwa Muheza vilikuwa katika uchumi mmoja.

3.0 Kipimo kilichosikika

Kabla ya mita ya upepo, mhudumu alifanya kama anavyofanya fundi wetu wa leo: kujaza, kusimama, kupima kwa geji ya mkononi, kujaza tena. Ubora wa kazi ulitegemea uvumilivu wake. Mita ya upepo ilibadilisha mpangilio huo kwa kutanguliza namba. Aina iliyo maarufu zaidi kwa wakusanyaji ni Eco Tireflator, ambayo nyingi kati yake zina bamba la kiwandani linalotaja mji wa Bryan, katika jimbo la Ohio. Nyingine zilifungwa ukutani. Nyingine zilisimama juu ya nguzo karibu na pampu za mafuta, zikiwa na bomba la maji upande mmoja na la upepo upande wa pili.

Utendaji wake ni rahisi kueleza. Mbele ya mashine kuna mkono wa kuzungusha na kidirisha chenye namba. Mhudumu huzungusha mkono hadi namba inayotakiwa ionekane; kwa kufanya hivyo anabadilisha mkazo wa springi iliyo ndani. Kisha huunganisha bomba na valvu ya tairi. Upepo hauingii kwa mkupuo mmoja, bali kwa mafungu madogo, na kila fungu linapopita kengele hulia. Kadiri tairi linavyokaribia namba iliyopangwa, msukumo wake hulingana na mkazo wa springi, mafungu hupungua, na mwishowe mashine hujifunga yenyewe. Kengele hunyamaza.

Umuhimu wa kengele hiyo hauonekani kwa kutazama mashine. Dereva aliyekaa kwenye usukani, asiyeweza kuiona valvu ya gurudumu la nyuma, aliweza kusikia kwamba kazi inaendelea na kusikia kwamba imekwisha. Kengele haikupima chochote. Springi ndiyo iliyopima. Lakini kengele ilikitoa kipimo mikononi mwa mhudumu na kukifanya jambo la hadhara. Kila aliyekuwapo kituoni alikuwa shahidi. Kwa maana hiyo mita ya upepo ilikuwa ndugu ya mizani ya sokoni yenye sahani inayotazamana na mnunuzi: chombo ambacho uhalali wake unategemea usahihi wake na pia uwezo wa mtu mwingine kuushuhudia usahihi huo.

4.0 Kutoka kazini hadi ukutani

Mhudumu wa kituo alipoanza kutoweka Marekani, mita ya upepo ilimfuata. Mtindo wa dereva kujihudumia ulienea kwa kasi katika miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei na wenye vituo wakatafuta kupunguza gharama. Mahali pa mita ya bure paliwekwa mashine zinazofanya kazi kwa sarafu. Hewa, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ishara ya ukarimu wa kituo, ikawa bidhaa.

Hatua mbili za kisheria zinaonyesha kwamba jambo hilo halikupita kimyakimya. Jimbo la California lilipitisha mwaka 1999 sheria inayovitaka vituo vya mafuta kuwapa wateja wanaonunua mafuta maji, hewa iliyosindikwa na geji ya kupimia, bila malipo. Inafaa kuzingatia kwamba sheria hiyo iliitaja geji. Watunga sheria walielewa kwamba hewa isiyo na kipimo ni nusu ya huduma. Mwaka 2000 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa magari ambayo matokeo yake mojawapo yalikuwa kanuni ya kuyataka magari yote mapya madogo, kuanzia toleo la mwaka 2008, yawe na mfumo wa kumwonya dereva upepo wa tairi unapopungua. Kipimo kikahama kutoka ukuta wa kituo hadi kwenye dashibodi.

Mita zenyewe zilitupwa, ziliuzwa kama vyuma chakavu, au zilisahauliwa ghalani. Kisha zikaanza kutafutwa. Mwenye kuirejesha mita ya aina hii hupitia hatua ambazo kila fundi makini atazitambua. Huanza kwa kupiga picha kila sehemu kabla ya kugusa skrubu. Hulainisha kutu kwa mafuta na joto la kiasi. Hujihadhari na rangi ya zamani, kwa kuwa huenda ina risasi na vumbi lake ni sumu. Hiyo ndiyo sababu haipigwi msasa mkavu. Huchunguza sehemu za aloi zilizosubuliwa, kwani hupasuka kwa umri na hazikubali kuchomelewa kwa urahisi. Hubadilisha kiwambo na mipira iliyokauka. Husafisha kioo na bamba la namba, au hununua vilivyotengenezwa upya. Mwisho, kama anataka mashine ifanye kazi, huipima kwa geji iliyohakikiwa na kurekebisha springi hadi namba ya kidirishani ilingane na ukweli wa ndani ya tairi.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na sababu zinaeleweka. Mita iliyopakwa rangi nyekundu inayong'aa, yenye nembo mpya ya kampuni ya mafuta, inapendeza sebuleni hata kama ndani ni tupu. Wapo wanaoondoa mashine yote ya ndani na kuweka taa. Wapo wanaobandika nembo ya kampuni ambayo mita ile haikuwahi kuihudumia, kwa kuwa nembo hiyo inauzika zaidi. Matokeo yote haya hutangazwa kwa neno moja: imerejeshwa.

5.0 Kurejesha ni kufanya nini?

Fani ya uhifadhi imekwisha kulijadili tatizo hili kwa muda mrefu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, uliohusu majengo na maeneo ya kihistoria, uliweka kanuni mbili ambazo hazijapitwa na wakati: kwamba urejeshaji unapaswa kukoma pale ubunifu wa kukisia unapoanza, na kwamba sehemu mpya zinazojazia zilizopotea zioane na kitu kizima lakini ziweze kutofautishwa na za asili. Mkataba wa Burra, uliotolewa nchini Australia mwaka 1979 na kurekebishwa mara kadhaa, ulikwenda mbali zaidi kwa kutenganisha maneno. Kwa mkataba huo, urejeshaji ni kukirudisha kitu katika hali yake ya awali inayojulikana pasipo kuingiza malighafi mpya. Malighafi mpya ikiingizwa, kazi hiyo ina jina jingine. Mkataba wa Nizhny Tagil wa mwaka 2003, unaohusu urithi wa viwanda, uliongeza kwamba maarifa ya kibinadamu yaliyoendesha mashine za zamani ni sehemu ya urithi, na yakipotea huenda yasipatikane tena.

Tukiipima mita ya upepo kwa vigezo hivyo, kazi zinazoitwa kwa jina moja hujitenga zenyewe kuwa tano. Ya kwanza ni uhifadhi: kuzuia kutu na uharibifu usiendelee, na kuiacha mita ionyeshe umri wake. Ya pili ni matengenezo: kuifanya itimize kazi yake, kwa mfano kwa kubadili kiwambo kilichokauka. Ya tatu ni urejeshaji: kuondoa kilichoongezwa baadaye na kurudisha sehemu zake halisi mahali pake, kwa ushahidi. Ya nne ni uundaji upya: kujazia kwa sehemu mpya kile kilichopotea, kama bamba la namba au nembo. Ya tano ni ubadilishaji wa matumizi: kuigeuza mita kuwa taa. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi iliyo ovu. Kosa ni kuifanya ya tano na kuiita ya tatu.

Mtu anaweza kupinga kwamba mita ni mali binafsi, na mwenye nayo ana haki ya kuipaka rangi aitakayo. Pingamizi hilo lina nguvu, tena lina upande wa pili wa kweli: mita nyingi zilinusurika kuyeyushwa kwa sababu tu zilipendeza machoni. Pasipo wapenda mapambo, mtafiti wa leo asingekuwa na kitu cha kuchunguza. Makala hii haipendekezi kumkataza mtu. Inapendekeza kwamba kazi iliyofanywa itajwe kwa jina lake, kwa sababu kitu kinachoitwa kimerejeshwa huwa ushahidi kwa wanaokuja baadaye. Mwanafunzi atakayekutana na mita yenye nembo ya kubuni ataandika historia ya kubuni. Na dereva atakayeunganisha tairi lake kwenye mita inayolia kengele bila springi iliyorekebishwa atasikia sauti ya uaminifu pasipo uaminifu wenyewe.

6.0 Funzo kwa Afrika Mashariki

Mtu anaweza kuuliza, mita ya upepo ya Ohio ina uhusiano gani na sera zetu? Uhusiano wa kwanza ni wa kisheria. Sheria za mambo ya kale za ukanda huu ziliandikwa zikiwa na magofu, masalia ya binadamu wa kale na milango ya kuchongwa akilini. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa masalia yanayolindwa moja kwa moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 iliuweka mwaka 1895 kuwa mpaka wa vitu vya kale. Kwa mipaka hiyo, karibu kila mashine iliyoendesha maisha ya karne ya ishirini katika nchi zetu, kuanzia pampu ya mafuta ya kuzungusha kwa mkono hadi kompresa ya kwanza ya mjini, iko nje ya ulinzi wa moja kwa moja, isipokuwa pale inapotangazwa mahususi. Reli ilibahatika kupata makumbusho yake Nairobi mwaka 1971. Barabara, ambayo ndiyo iliyokuja kubeba sehemu kubwa ya safari na mizigo yetu, haijapata bahati ya kiwango hicho. Uganda, iliyoiweka pembeni sheria yake ya mwaka 1967 kwa kupitisha sheria mpya ya makumbusho mwaka 2023, ina nafasi ya kulitazama jambo hili katika kanuni zake.

Uhusiano wa pili ni wa istilahi. Katika hati nyingi za Kiswahili, shule inayopakwa rangi inafanyiwa ukarabati. Daraja linaloimarishwa nguzo linafanyiwa ukarabati. Ngome ya karne kadhaa inayorudishiwa chokaa yake nayo inafanyiwa ukarabati. Mkandarasi aliyezoea maana ya kwanza akipewa kazi ya tatu kwa jina lilelile hatakuwa na kosa akiing'oa boriti ya mkoko na kuweka zege. Ameulizwa kukarabati, na amekarabati. Upungufu uko katika hati iliyomwagiza. Kwa hiyo istilahi tano zilizopendekezwa hapo juu hazikukusudiwa mita ya upepo peke yake. Zote zimeundwa kwa mizizi inayofahamika kwa kila msemaji, na uzuri wake ni kwamba zinaweza kutiwa katika mkataba wa kazi na kuulizwa mahakamani.

Uhusiano wa tatu unahusu lugha ya wafanyakazi. Mafundi wa pancha wa ukanda huu wana msamiati ambao kamusi zetu zimeugusa kwa juujuu. Tanzania, kituo chochote cha mafuta huitwa sheli, jina la kampuni moja lililogeuka kuwa jina la kila kampuni. Kutoka Rwanda hadi Burundi, tairi hujulikana kama ipine, neno lililotokana na Kifaransa, ilhali majirani wanaotumia Kiswahili cha mashariki wanasema tairi, kutoka Kiingereza. Mpaka wa mataifa mawili ya kikoloni unaweza kusikika kwenye gurudumu moja la lori linalotoka Mombasa kwenda Bujumbura. Namba thelathini isiyotajiwa kizio, ambayo makala hii ilianza nayo, ni hati nyingine ya historia hiyo: kipimo cha Waingereza kilichodumu gerejini baada ya kuondolewa darasani. Fundi anayekutana na gari lenye kibandiko kinachotaja bar 2.1 hufanya hesabu kichwani, kwa kuwa bar moja ni takriban pauni 14.5 kwa inchi ya mraba, na hesabu hiyo haimo katika mwongozo wowote alioandikiwa kwa lugha yake.

Maarifa haya yanakaa midomoni na mikononi mwa watu wanaofanya kazi chini ya miti, wenye kompresa ndogo na geji iliyopasuka kioo. Marekani ilianza kuzithamini mita zake wakati wahudumu waliozizungusha walipokuwa wamekwisha kustaafu au kufariki. Chuma kilipatikana, masimulizi ya waliokitumia yalipungua. Sisi bado tunao watu, hata pale tusipokuwa na mashine.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba mita ya upepo ilikuwa chombo cha kujenga imani kati ya mhudumu na dereva, na kwamba imani hiyo ilisimama juu ya springi iliyopima na kengele iliyoshuhudia. Imeonyesha pia kwamba urejeshaji unaorudisha rangi na nembo huku ukiacha springi na kengele hurudisha kitu kingine, na kwamba lugha isiyotenganisha kazi hizo hulificha kosa badala ya kulifichua. Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, izijadili na kuzisanifisha istilahi za uhifadhi, matengenezo, urejeshaji, uundaji upya na ubadilishaji wa matumizi, pamoja na fasili zake.

Pili, idara za mambo ya kale na makumbusho zitumie istilahi hizo katika zabuni na mikataba, na kila kitu kinachoonyeshwa kwa umma kiambatanishwe na maelezo mafupi ya kazi iliyofanywa na sehemu zipi ni mpya.

Tatu, sheria na kanuni zinazotumia mwaka mmoja kuwa mpaka wa vitu vya kale zipitiwe upya ili vifaa vya kazi vya karne ya ishirini vipate njia ya wazi ya kutambuliwa, bila kungoja tangazo la kila kitu kimojakimoja.

Nne, idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya ukanda huu zianze kurekodi msamiati na masimulizi ya mafundi wa matairi, wa pampu na wa kompresa, katika nchi zote na katika lahaja zao. Kazi hii haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji mtafiti aliye tayari kukaa na fundi, kumwita kwa heshima anayostahili, na kumuuliza kwa nini, akiulizwa na mteja aweke ngapi, yeye hujua ni ngapi ya nini.